Puerto Rico mtandaoni: tathmini ya mchezo wa mezani wa mwaka 2002 na ya meza yake mpya

Sanduku la mchezo lilifika Sinza, Dar es Salaam, mwaka 2008 ndani ya begi la rafiki yetu aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Göttingen. Ndani yake mlikuwa na mapipa madogo ya mbao ya rangi tano, vigae vya mashamba, sarafu za karatasi ngumu, visahani vya mbao vya rangi ya kahawia, na kitabu cha kanuni cha Kijerumani ambacho ni yeye peke yake aliyeweza kukisoma. Tulikuwa wanne katika nyumba mbili za kupanga zilizotazamana, na kwa miaka mitatu, karibu kila Jumamosi usiku, tulikaa mkekani tukicheza Puerto Rico mpaka mmoja wetu ashindwe na usingizi. Kisha kazi, ndoa na safari zikatutawanya. Leo mmoja yuko Muscat, dada yetu yuko Mombasa, mwenye sanduku anaishi Leeds, nami nimerudi nyumbani Unguja. Mwaka jana tuliurudia mchezo uleule kupitia tovuti ya Board Game Arena, na baada ya Jumamosi zisizopungua 30 naona ninaweza kuutathmini kwa haki, mchezo wenyewe pamoja na meza hii mpya tunayouchezea.

Kwa asiyeufahamu, Puerto Rico ni kazi ya Mjerumani Andreas Seyfarth, na ulitolewa mwaka 2002 chini ya nembo ya alea ya kampuni ya Ravensburger. Mwaka huohuo ulitwaa Deutscher Spiele Preis, mojawapo ya tuzo kubwa za michezo ya mezani nchini Ujerumani, na kwa miaka kadhaa ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya BoardGameGeek, ambako wapenzi wa michezo hii duniani huipima na kuipanga. Huchezwa na watu 3 hadi 5. Kila mmoja hupewa ubao wenye ardhi ya kulima na mji wa kujenga. Hulima mahindi, nili (mmea wa rangi ya buluu), miwa, tumbaku au kahawa, kisha ama huuza mazao sokoni ili apate fedha ya kujengea, ama huyapakia melini kwenda Ulaya ili apate pointi. Fedha na pointi ni vitu viwili tofauti katika mchezo huu, na kujua ni lini uache kukimbilia fedha uanze kukimbilia pointi ndiyo elimu yake kubwa.

Kinachoutofautisha mchezo huu na mingine ya rika lake ni vyeo. Hakuna dadu. Kila duru kila mchezaji huchagua cheo kimoja, na kazi ya karibu kila cheo hufanywa na wachezaji wote, isipokuwa aliyekichagua hutangulia na kupata upendeleo mdogo ambao wenzake hawaupati. Tukiwa wanne vyeo huwa 7, kwa hiyo vitatu hubaki bila kuchukuliwa, na kila kilichobaki huongezewa sarafu moja ili kiwavutie wachezaji katika duru inayofuata. Maana yake ni kwamba kwa kawaida huwezi kujifanyia jambo bila kuwafanyia na wenzako. Ukijenga, wote hujenga. Ukivuna, wote huvuna. Swali lako kila zamu ni hili: ni jambo gani litakalonifaa mimi leo na lisimfae jirani yangu wa kushoto, ambaye zamu yake inafuata?

Vyeo hivyo tuliviita kwa majina yetu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kadi zilikuwa za Kijerumani na ilibidi zifasiriwe. Kulikuwa na Mlowezi, Mjenzi, Mchuuzi, Nahodha na Mtafuta Dhahabu. Meya tulimwita Mudiri. Mwenye kusimamia uvunaji, kadi ya Kijerumani ilimwita Aufseher, yaani msimamizi wa wafanyakazi shambani, na rafiki yetu alifasiri bila kusita: Nyapara. Toleo la Kiingereza, ambalo ndilo tunaloliona kwenye skrini sasa, limeligeuza neno hilo kuwa fundi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema fundi. Ukisikia sauti kutoka Muscat ikisema, "Sheikh, usimchukue Nyapara, utatupikia sisi," ujue anasema kweli, kwa sababu anayechagua kuvuna huwajazia wenzake maghala, na anayefuata ndiye anayepata nafasi ya kwanza ya kuuza au kupakia. Jina hilo nitalirudia mbele, kwani lina uzito kuliko tulivyodhani tulipokuwa vijana.

Sasa niseme kuhusu meza yenyewe. Board Game Arena ilianzishwa Ufaransa mwaka 2010, na mwaka 2021 ilinunuliwa na Asmodee, kampuni kubwa ya michezo ya mezani. Hufunguka ndani ya kivinjari, bila kupakua wala kusakinisha chochote, jambo ambalo kwetu ni la maana kwa sababu kompyuta ya dada yetu ni ya ofisi na hairuhusiwi kuwekewa programu ngeni. Kujiandikisha ni bure. Baadhi ya michezo huhitaji anayefungua meza awe mwanachama anayelipa, lakini waalikwa wake si lazima walipe, kwa hiyo mmoja wetu analipia uanachama wa mwaka na wengine watatu tunakaa kwenye meza yake kama wageni. Naona huu ni utaratibu wa kiungwana, unaofanana na desturi ya zamani ya mwenye sanduku kuwa ndiye mwenye mkeka.

Ukifungua meza huulizwa mambo machache: mchezo uwe wa papo kwa papo au wa kupokezana kwa siku, kasi ya kufikiri iwe ipi, na matokeo yahesabiwe katika viwango vya tovuti au uwe mchezo wa kirafiki tu. Nawashauri marafiki wanaokutana baada ya muda mrefu wachague mchezo wa kirafiki, kwa kuwa pointi za viwango huleta ukali ambao hauna nafasi mahali pa salamu. Sisi tulichagua papo kwa papo, kasi ndogo kabisa, saa 3 usiku ya Unguja na Mombasa, ambayo Muscat ni saa 4, na Leeds ni saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 1 usiku wakati wa kiangazi. Pembeni huwa tumepigiana simu ya kundi ya WhatsApp. Tovuti ina mahali pa kuandikiana, lakini mchezo huu bila sauti haujakamilika, na aliye tayari kuujaribu nitamwambia aanze kwa kuipanga simu kabla ya kuipanga meza.

Jumamosi ya kwanza lilitokea jambo ambalo linaonyesha vizuri kuliko maelezo yangu yote faida ya kucheza mahali ambapo kanuni zinalindwa na mashine. Tulikuwa karibu nusu ya mchezo. Dada yetu alikuwa na pipa moja tu la kahawa, na alikuwa akilitunza kwa ajili ya soko, ambako kahawa huuzwa kwa sarafu 4, bei ya juu kuliko zao lolote. Rafiki wa Muscat akamchagua Nahodha, cheo cha kupakia mazao melini. Meli ya kati ilikuwa bado tupu. Ilipofika zamu ya dada yetu tulinyamaza tukimsubiri apite, kama alivyokuwa akipita miaka yote ya Sinza. Akanyamaza na yeye. Kisha tukasikia: "Jamani, kitufe cha kupita kiko wapi?"

Hakikuwapo. Skrini ilimpa njia moja tu, nayo ni kulipandisha lile pipa melini kwa pointi moja. Tuliamini kuna hitilafu. Rafiki wa Leeds, ambaye kitabu cha Kijerumani bado anacho, alikwenda kukitafuta tukiwa hewani, tukamsikia akifungua na kufunga makabati, akarudi akasoma polepole, akasoma tena, na kukiri kwamba kanuni inasema mwenye zao linaloweza kupakiwa hana hiari, lazima apakie. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumecheza mchezo ambao Seyfarth hakuutunga. Dada yetu alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kwa utulivu, "Kaka, kumbe ushindi wangu wote wa Sinza ulikuwa wa tafsiri yako."

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kanuni hiyo moja inabadilisha mchezo mzima. Hiari ya kupita ikiondoka, Nahodha hawi tena mtu wa kujipatia pointi tu, anakuwa silaha. Unaweza kumchagua si kwa sababu una mengi ya kupakia, bali kwa sababu jirani yako ana kahawa aliyoitunza kwa jasho na wewe hutaki ifike sokoni. Na liko pigo la pili. Tukiwa wanne meli huwa tatu, zenye nafasi 5, 6 na 7. Kila meli hubeba zao la aina moja, na zao lililokwisha kupata meli haliruhusiwi kuingia nyingine. Nahodha akimaliza kazi, mapipa yaliyokosa meli huharibika, na mtu asiye na ghala hubakishiwa pipa moja tu. Wiki ya tatu nilimwona rafiki wa Muscat akiwa na mapipa manne ya tumbaku wakati meli zote tatu zimeshikwa na mahindi, nili na miwa. Tulimaliza kupakia, na mbele ya macho yake mapipa matatu yakatoweka. Hakusema neno. Duru iliyofuata alijenga ghala, na tangu hapo sijamwona akicheza bila ghala.

Hapa ndipo ninapoona umri wa mchezo huu ni sifa yake. Michezo mingi iliyotolewa baadaye imejaza kadi za kipekee, maandishi madogo na nguvu za pekee za kila mchezaji, mpaka mtu hulazimika kusoma kwa nusu saa kabla ya kucheza. Puerto Rico karibu vyote viko wazi. Bahati iko katika vigae vya mashamba vinavyogeuzwa, na baada ya hapo unachokiona mezani ndicho kilichopo: majengo ni yaleyale kila usiku, bei ni zilezile, na fedha ya mwenzako unaihesabu kwa macho. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kutoka kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna kilichofichwa, na bado wazee wanakaa barazani maisha yao yote bila kuumaliza. Baba yangu aliwahi kututazama tukicheza alipokuja Dar es Salaam, akauliza maswali mawili tu, kisha akasema kwamba huu ni mtaji (hatua ya bao ambayo kete zote ziko ubaoni) usio na namua (hatua ya mwanzo ya kuzitia moja moja), kwa sababu kila unachopanda kinaonekana kinakoelekea. Sina hakika kama ulinganisho wake unasimama kila upande, lakini alikuwa ameshika jambo la kweli: mchezaji wa bao huingia Puerto Rico kwa urahisi kuliko mtu aliyezoea karata, kwa kuwa tayari amezoea kuhesabu zamu za mwenzake kabla ya zake.

Mashine inayohesabu kwa niaba yetu imetupa muda. Mkekani mchezo ulituchukua saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ilikuwa kugawa visahani, kuhamisha mapipa, kubadilisha sarafu na kubishana kama mtu amekwisha kuchukua chake au bado. Mtandaoni, sisi wanne tukizungumza bila haraka, tunamaliza kwa muda usiozidi saa moja na dakika ishirini. Mwishoni pointi hujumlishwa zenyewe, pamoja na zile za majengo makubwa ya sarafu 10 ambazo zamani zilitusumbua sana kuzihesabu. Mchezo uliokwisha unaweza kurudiwa hatua kwa hatua, na mara mbili tumefanya hivyo ili kuona ni wapi mtu alipoteza usukani. Katika mara zote mbili kosa lilikuwa mapema mno kuliko alivyodhani mwenyewe. Katika moja lilikuwa duru ya pili, pale nilipopanda nili ya pili badala ya kuchukua machimbo ya mawe, ambayo yangenipunguzia gharama ya kila jengo usiku mzima.

Kuna kilichopotea pia, na sitakificha. Mapipa ya mbao yalikuwa na uzito mkononi. Tulipohamia nyumba ya pili yalipotea mapipa manne ya mahindi, tukaweka komwe mahali pake, na miaka yote iliyobaki mahindi yetu yalikuwa mchanganyiko wa vipande vya njano vya kiwandani na komwe za kijivu za kwenye bao la babu yake dada yetu. Kwenye skrini mahindi yote yanafanana. Vilevile mkekani ungeweza kumwona mtu akiitazama kadi ya Mchuuzi kabla hajaichukua, ukajua nia yake kwa macho. Mtandaoni macho hayaonekani, na sauti peke yake haitoi siri kiasi hicho. Dada yetu anasema hilo limemfaa, kwa sababu uso wake ulikuwa ukimsaliti. Mimi nimepoteza nusu ya ujuzi wangu.

Kuhusu vyombo, simu haitoshi kwa mchezo huu. Mbao nne za wachezaji, majengo, meli na soko vinahitaji nafasi, na kwenye skrini ndogo utakuwa ukisogeza juu na chini mpaka usahau ulichokuwa unakitafuta. Tumia kompyuta, au angalau tableti. Mtandao hauhitaji kuwa wa kasi kubwa, kwa kuwa zinazosafiri ni taarifa chache. Kinachotusumbua ni umeme. Ulipokatika huku kwetu usiku mmoja, meza ilinisubiri hadi nikarudi kwa data ya simu, na mchezo ulikuwa palepale nilipouacha.

Tulijaribu pia michezo mingine ya zamani iliyopo huko, nami nitaitaja kwa ufupi. Carcassonne ya Klaus-Jürgen Wrede, ya mwaka 2000, ni nyepesi na inafaa pale mtu mmoja anapochelewa, lakini tovuti hukuonyesha kila mahali ambapo kigae chako kinaweza kukaa, na kwangu mimi kukitafuta mahali pake kwa jicho ndiyo ilikuwa nusu ya raha. Anayeanza atashukuru kwa msaada huo. Caylus ya William Attia, ya mwaka 2005, ni mchezo mzito na mzuri, na tulifanya kosa la kuucheza kwa kupokezana kwa siku, kila mtu akicheza zamu yake anapopata nafasi. Ulichukua zaidi ya wiki mbili. Kila nilipofungua nilikuwa nimesahau nilichokusudia, na, jambo lililonisikitisha zaidi, katika siku hizo zote hatukusemezana. Tulikuwa tunajibizana kwa vitufe. Njia hiyo bila shaka inawafaa watu wasioweza kupata saa moja kwa pamoja, lakini sisi tulikuwa tumerudi kwa ajili ya kukaa pamoja, na ule mchezo ulitupa matokeo bila kikao.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililochukua mazungumzo yetu mengi kuliko mbinu zote. Ni vile visahani vya kahawia. Katika mchezo hushuka kutoka melini kila mara Mudiri anapochaguliwa, na bila kisahani juu yake shamba halizai na kiwanda hakifanyi kazi. Kitabu cha kanuni kinaviita walowezi. Tulipokuwa na miaka ishirini na kitu tuliviita "watu" na tukaviweka kwenye miwa bila kuwaza. Usiku mmoja mwaka jana, meli iliposhusha watu wake na kila mmoja wetu akawagawa mashambani, rafiki wa Muscat alisema polepole, "Jamani, hawa si walowezi." Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Mimi naishi mwendo wa dakika chache kutoka Mkunazini, ambako kanisa kuu la Kianglikana limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, na mikarafuu ya kisiwa hiki ilipandwa na kuchumwa na watu walioshushwa kutoka majahazini namna ileile. Na sisi tulikuwa tumemwita msimamizi wao Nyapara, kwa jina lake halisi, miaka mitatu mizima.

Baada ya mazungumzo hayo nilisoma zaidi, na tarehe zilinishangaza. Bunge la Hispania lilikomesha utumwa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni lake, tarehe 22 Machi 1873, ingawa walioachwa huru, zaidi ya watu 29,000, walilazimishwa kufanya kazi kwa mikataba kwa miaka mitatu zaidi. Miezi mitatu isiyotimia baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza uliofunga masoko ya watumwa Zanzibar. Hali ya utumwa yenyewe hapa kwetu haikufutwa kisheria hadi Aprili 1897, tena kwa sharti la mtumwa kwenda mwenyewe kuudai uhuru wake. Visiwa viwili vilivyo mbali hivyo, kimoja cha miwa na kahawa, kingine cha karafuu na minazi, vilipita kwenye mlango uleule katika mwaka uleule.

Wachapishaji wenyewe wamelitambua tatizo. Mwaka 2022 lilitoka toleo jipya liitwalo Puerto Rico 1897, lililohamishiwa wakati ambapo Hispania ilikuwa imekubali kukipa kisiwa hicho utawala wa ndani, na ambamo mahali pa walowezi pamechukuliwa na wafanyakazi. Naliunga mkono badiliko hilo. Wapo wanaosema mchezo ni mchezo na visahani ni mbao tu. Nawaelewa, kwa kuwa nami niliwahi kufikiri hivyo, lakini naona mtunzi wa mchezo mzuri kiasi hiki anastahili wachezaji wanaojua wanachokishika. Sisi hatukuacha kucheza toleo la zamani. Tuliacha tu kuwaita walowezi, na Nyapara amebaki na jina lake, kwa makusudi sasa.

Kwa hiyo, nani aujaribu? Kundi la watu watatu au wanne wanaojuana, walio tayari kutenga saa moja na nusu isiyoingiliwa, watapata hapa mchezo ambao miaka zaidi ya 20 haijaudhoofisha hata kidogo. Watano wanawezekana, ila kusubiri zamu kunakuwa kurefu na simu hujaa maneno. Anayeanza kabisa acheze kwanza mara mbili na wenzake kwa kueleza kila hatua kwa sauti, na kama mko wanne akae kiti cha tatu au cha nne, ambacho huanza na shamba la mahindi badala ya nili, kwa sababu mahindi hayahitaji kiwanda na humpa mavuno mapema. Asijenge kila jengo analoweza kulilipia. Na akiona wenzake wamenyamaza wakati ana kahawa ghalani na meli iko tupu, ajue Nahodha yuko njiani.

Rafiki wa Leeds amesema atakuja likizo Desemba na sanduku la zamani mkononi. Nimemwambia kaka alete na kitabu cha Kijerumani, na dada yetu ameahidi kuja kutoka Mombasa na komwe nne zilezile, ambazo alikuwa amezirudisha kwenye bao la babu yake.